Mbwa wa Ng'ambo ya Mtaro

Mume wangu alipofariki, watu walinisubiri nilie. Wanawake wa mtaa na wale wa msikitini waliketi nami kwenye mkeka wakinitazama kwa pembeni, kila mmoja na pembe ya kanga mkononi, tayari kunifuta. Sikulia. Wala si kwamba nilijikaza, maana ndani hamkuwa na kitu cha kuzuia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona kabisa kwamba ni wako, lakini ukiufinya husikii. Nikawa nawauliza wageni kama chai imekolea sukari.

Ukitaka kumwona mfiwa, ungemtazama mbwa. Alilala chini ya mpera, ng'ambo ya mtaro, uso ameuelekeza getini, na kila baiskeli ikipita barabarani aliinua sikio moja. Maji alilamba kidogo, chakula hakugusa. Mwanzoni sikujali, nikasema ni kelele za msiba zinamsumbua. Wageni wakaondoka, turubai likashushwa, masufuria ya kuazima yakarudi kwa wenyewe, na mbwa akaendelea kutokula.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mbwa. Nimelelewa Pangani, katika nyumba ambayo mbwa akipita uchochoroni watoto hukusanya nguo zao wasiguswe. Serikali ndiyo iliyonileta Bariadi, nikiwa karani wa masjala, msichana mwenye begi moja na upawa wa kifuu alionipa mama ili nisije nikala kwa watu. Nilijua nitakaa kidogo kisha niombe uhamisho. Barua za uhamisho za wenzangu zilipita mikononi mwangu miaka na miaka, mimi nikaolewa.

Aliyenioa alikuwa Msukuma wa Lalago, mpima pamba kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Alisilimu ili anioe, na alisilimu kweli. Kwa funga na kwa swala aliwashinda baadhi ya wajomba zangu. Jambo moja tu lilimshinda, kuishi bila mbwa. Kwao mtoto hujifunza kutembea akiwa ameshika mgongo wa mbwa. Akavumilia miaka ya mwanzo kimya kimya, halafu jioni moja akarudi kutoka kazini na kiroba kwenye baiskeli, na ndani ya kiroba mna kitu kinachohema.

Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mwisho tukachimba mtaro, yaani alichimba yeye, mimi nikaonyesha unapopita. Huku nyumba, jiko, baraza na mswala wangu. Kule mpera, stoo ya kuni, geti na mbwa. Bomba la maji likaangukia upande wa kule, nalo nililisamehe kwa sababu halikuweza kuhamishwa. Yule mbwa, mdogo vile, alifundishwa mtaro ule ndani ya wiki, na tangu hapo hakuuvuka hata siku moja, hata mvua inyeshe vipi. Alisimama ukingoni na kucha zake zimepangwa sawasawa kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani.

Sharti la pili lilikuwa la kunawa. Sisi tuliolelewa katika madhehebu yetu, ukiguswa na mate ya mbwa unaosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Mume wangu aliguswa kila jioni, maana yule mbwa alimpokea getini kwa ulimi. Basi kila jioni, kabla ya kuvuka mtaro, alinawa pale bombani. Udongo wa uani kwetu ni mweusi wa mbuga, unanata na kutia madoa, kwa hiyo aliokota wa kichuguu njiani akitoka kinuni, mwekundu, laini, akauweka kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko chini ya bomba. Alikuwa mvivu wa kuhesabu. Mimi ndiye niliyemhesabia kutoka dirisha la jikoni.

"Tano!" nampigia kelele.

"Hiyo ni sita."

"Tano! Usinipige chenga, nakuona."

Anacheka, anarudia. Kisha anaingia ndani ananuka kichuguu kilichonyeshewa, na mimi namwambia ajipake mafuta mazuri kabla hajanikaribia. Hakujipaka. Miaka yote hiyo niliila ile harufu pamoja na chakula cha jioni, na nililalamika takriban kila siku, kwa sababu nina mdomo na Mungu hakunipa wa kupumzika.

Nyumbani kwetu hakikutupwa kitu. Kinu cha pamba kina msimu wake, na msimu ukiisha mpima pamba anarudi kuwa mtu wa kawaida anayesubiri. Mimi nilikuwa nimeshastaafu. Mungu hakutujalia watoto, tukawa wawili na yule wa ng'ambo, tukijipangia vyetu. Dagaa wa Kalemela tulichangia ndoo na jirani, tukagawana kwa bakuli. Alasiri nilikaa barazani nikiwatoa vichwa. Viwiliwili vyetu, vichwa vya mbwa, kwenye kopo lake. Maji niliyochemshia dagaa hayakumwagwa, yalilowekea ukoko wa ugali. Majani ya kunde yaliyoanikwa, ambayo wenyeji wanayaita nsansa, nilijifunza kuyapika kwa karanga mpaka mume wangu akakiri kwamba yanakaribia ya mama yake, na yeye hakuwa mtu wa kunipaka mafuta. Kutoka Lalago tuliletewa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, na hiyo ilitutoa asubuhi nyingi pamoja na chai ya rangi.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yetu ya anasa. Nilipika wali. Na wali ukiisha kupakuliwa unabaki ukoko, ambao kwetu pwani ni mali. Nimeona ndugu wakinuniana kwa ajili yake. Niliubandua taratibu usivunjike, nikaugawa katikati, nikanyunyizia sukari kidogo. Kipande changu nilikula nimesimama pale pale jikoni. Chake alikitia mfukoni, akaniaga kwamba anakwenda kutazama kama geti limefungwa, saa saba mchana. Nilijitia hamnazo. Nikiwa dirishani nilimwona anaumega ukoko ule mara mbili, nusu yake, nusu ya mbwa, wote wawili wakitafuna na kutazama barabara.

Kumlisha mbwa kila siku kulikuwa kazi yake. Mbwa alikuwa na bakuli la bati lenye ukingo wa kijani, ambalo lilikaa kwenye panda ya mpera na halikuruhusiwa kuvuka mtaro. Mume wangu alilishusha, akachuchumaa, akaufikicha ugali kwa mkono, akichanganya na vichwa vya dagaa na ile supu, akivunja kila bonge. Hakuwa na haraka. Alimweleza mbwa kwa Kisukuma mambo ya kinuni, mkulima gani kaleta pamba yenye mchanga, nani kagombana na nani kwenye mizani. Nilimwambia vijiko vipo.

"Mke wangu, kijiko kitajuaje kama chakula kimepoa?" akasema.

Siku alipochelewa nililisha mimi, kwa ule upawa wa mama. Niliufunga kwenye mpini wa fagio, nikasimama ukingoni mwa mtaro, nikaelekeza upawa kule kwenye bakuli na kumimina. Alinikuta hivyo jioni moja, akacheka mpaka akaegemea geti.

"Unamlisha au unazima moto?"

Mbwa siku hizo alikula kidogo, kingine akakiacha mpaka mwenyewe arudi atumbukize mkono akoroge, ndipo amalizie. Nilisema ni madeko. Nilisema mbwa na mwenyewe wote wamezidi kudekezwa nyumba hii, na nani anidekeze mimi.

Alianguka mizanini, asubuhi, katikati ya msimu. Presha, walisema. Hakufika hospitali. Hakuacha wosia juu ya mbwa wala juu ya kitu chochote. Asubuhi ile tulizungumza habari ya kibiriti tu, kwamba kimelowa.

Nikaingia eda. Mwanamke akiwa eda hajitii manukato. Sikufukiza udi, sikupaka mafuta ya kunukia, nilioga kwa sabuni ya mche inayofulia nguo. Nyumba ikawa haina harufu yoyote. Nilipika kwa sababu saa ya kupika ilifika, nikala kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapikwa. Siku moja jirani yangu, mama mmoja mwenyeji ambaye tunachangia naye ndoo ya dagaa, alionja nsansa zangu akaniangalia.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "hujatia chumvi."

"Sijatia?"

"Hata kidogo."

Nilikuwa nimeshakula sahani nzima. Nikaitia chumvi kwa ajili yake, nikala tena, na sikuona tofauti.

Hata hivyo kuna jambo moja nililitaka siku hizo, nalo ni kwamba yule mbwa ale. Siwezi kusema yalikuwa mapenzi. Kitu kinachoitwa mapenzi kingenihitaji nisikie, na mimi nilikuwa sisikii. Lakini duniani tulibaki viumbe wawili tu tulioujua mlio wa baiskeli yake ikikaribia geti, mnyororo uliokuwa unagonga kila ukizunguka, na mmoja wa hao wawili alikuwa anaondoka. Akiondoka nitabaki nao peke yangu mlio ule, na sikuwa na uhakika nitautunza.

Jirani alikuja kila asubuhi. "Mwangaluka, mayu," ananiamkia kutoka getini, nami naitikia, kisha tunamtazama mbwa pamoja kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa. Alisema nimpe maziwa. Nikampa. Alisema nimpe mfupa. Nikatuma mtu buchani aniletee mfupa wenye nyama, kitu ambacho mwenyewe sikuwa nimekitia mdomoni tangu msiba, nikauchemsha na chumvi, nikammiminia pamoja na supu yake kwa upawa. Mbwa aliinuka, akanusa, akanitazama, akarudi kulala. Sisimizi wakaja. Nilisimama ukingoni na mpini wangu wa fagio nikiwatazama wakila mfupa wangu, na nilichokiona kilikuwa uharibifu tu, siyo huzuni.

Nikamtupia koti la kazini la marehemu, lenye nyuzi za pamba mgongoni. Akalilalia. Hakula.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wa marehemu, mfugaji wa huko Lalago, na nusu gunia la michembe nyuma ya bodaboda. Ni mtu mfupi wa maneno. Alinipa pole kwa mara nyingine, akanywa chai, kisha akaruka mtaro akachuchumaa kwa mbwa. Alimpapasa mbavu, akamfunua mdomo akatazama ufizi. Alipotaka kurudi barazani nilimwonyesha bomba. Akanawa, mara moja tu, kwa upole wa mgeni anayefuata desturi za nyumba asizozijua, nami sikumwambia kitu. Sikuwa na nguvu ya kumhesabia mtu.

"Shemeji, huyu anakwisha," akasema.

"Naona."

"Sisi kule mbwa akikataa kula hatumwachi hivi. Ni kumtesa tu. Jumamosi nakuja mnadani. Nikikuta anakula, basi, abaki hapa akulindie nyumba. Nikikuta hali, nitakuja na gunia. Nitampeleka huko mbele, kazi hiyo nitaimaliza mwenyewe. Wewe hutaona."

"Sawa," nikasema.

Nilisema sawa kwa urahisi kama mtu anayeulizwa aongezewe chai. Usiku ule sikulifikiria jambo hilo, nililala. Lakini kesho yake nilijishtukia nimekaa barazani natoa vichwa vya dagaa na kuvitia kwenye kopo lake kama kawaida, na kopo lilikuwa limeshajaa, na vichwa vilikuwa vinamwagika mapajani mwangu.

Siku zilizobaki nilijaribu kila nilichokijua. Nilimpikia michembe na karanga. Nilimloweshea ukoko wa wali, ingawa haikuwa Ijumaa. Nilitengeneza hata kashata za karanga, ambazo mume wangu alikuwa akiiba mbilimbili kutoka kwenye sinia, nikamrushia moja kwa upawa. Iligonga mpera ikaanguka karibu na pua yake. Hakuigusa. Nilimkasirikia, au niseme nilitamka maneno ya mtu aliyekasirika. Nikamwita mshenzi, mkaidi, mtoto wa kiroba. Aliinua sikio moja kwa adabu.

Jumamosi niliamka nikakanda unga wa chapati. Shemeji akija mnadani huwa hajala, na hata mgeni aliyekuja na gunia la kubebea mbwa wako ni mgeni. Nilikanda barazani, kwenye sinia, nikiwa nimeelekea uani. Mafuta yalikuwa kidogo, nikakanda sana badala yake, kwa ngumi, mpaka viwiko vikauma. Unga uliponishika vidoleni nilifanya kama nilivyozoea kuwafanyia shomoro, nikaubandua kwa kidole gumba na kuurusha ng'ambo ya mtaro.

Mbwa akainuka.

Aliinuka kwa vipande, miguu ya mbele kwanza, kisha akakaa kidogo, kisha ya nyuma. Akaja mpaka kilipoanguka kile kipande cha unga. Akanusa. Akala.

Sikusogea. Nikabandua kingine kwenye kiganja, nikarusha. Akala. Unga wa vidoleni ulipokwisha nikachota mwingine kwenye sinia kwa ncha ya kisu, donge zuri kubwa kuliko yote, nikarusha hilo. Alinusa akaliacha. Nikachota jingine, nikalifinya mkononi, nikalizungusha katikati ya viganja vyangu viwili, nikarusha.

Akala hilo.

Nilikaa pale na unga mpaka kwenye viwiko, na akili yangu, ambayo ilikuwa imelala wiki zote hizo, ikaanza kutembea polepole. Ndani ya donge lile hamkuwa na kitu cha ajabu. Maji, chumvi, unga na mkono. Nikakiona kichwa cha mume wangu kimeinama juu ya bakuli la kijani, akifikicha. Miaka yote mbwa huyu alikuwa hajamaliza chakula kisichoshikwa. Na mimi nimemmiminia kwa kifuu na mpini wa fagio, kwa mbali, chakula kisicho na mtu ndani yake, kisha nikamwita mkaidi.

Niliingia jikoni nikapasha ile supu ya dagaa, nikachukua na ugali uliobaki jana na kopo la vichwa. Bakuli lilikuwa kule. Nilisimama ukingoni mwa mtaro. Si mpana, mtoto angeuruka, na mimi mwenyewe nilikuwa nauvuka kila siku kwa kupitia kwenye ubao uliowekwa penye njia ya kwenda getini na bombani. Ila pale kwenye mpera sikuwahi kukanyaga tangu siku mtaro ulipochimbwa. Nikapandisha dera, nikavuka.

Nilichuchumaa kama alivyochuchumaa yeye, magoti yakalia. Nikatia mkono bakulini. Ugali ulikuwa wa baridi lakini supu ilikuwa moto, na mabonge yalikuwa mengi, nikayavunja moja moja. Sikuwa na habari za kinuni za kumweleza. Nikamweleza habari za kibiriti, kwamba nilinunua kingine, nacho kimelowa. Mbwa alikuja akasimama karibu kiasi kwamba niliona kope zake, sikuwahi kujua kwamba mbwa ana kope.

"Ngoja," nikamwambia. "Cha moto."

Akangoja. Mkono ulipoona kimepoa nikasema haya, na akatia mdomo bakulini mkono wangu ukiwa bado mle ndani. Alikula kwa kelele. Alikula akizunguka vidole vyangu, na bakuli lilipobaki tupu akaendelea na vidole, na kiganja, na katikati ya vidole, na sikuuondoa mkono. Ulimi ulikuwa wa moto, unakwaruza. Niliusikia. Nasema niliusikia, kwa sababu kwa muda mrefu hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia, na kilianzia mkononi kikasimama kwenye kifundo, kikanitia hofu.

Basi nikanyanyuka nikaenda bombani. Sikuacha dini yangu kwa ajili ya mbwa. Ni maji na udongo tu, na vyote vilikuwepo. Lile kopo la maziwa lilikuwa pale pale chini ya bomba na mfuniko wake. Sikuwa nimelifungua. Ndani, ule udongo wa kichuguu ulikuwa umekauka ukashikana, na upande mmoja ulikuwa na mifereji mitatu ya vidole pale alipochota mara ya mwisho akiwa na mkono uliolowa. Nilichota upande wa pili. Nikafungua maji, nikasugua.

Harufu ikapanda. Kichuguu kilichonyeshewa.

Alikuwa amerudi kutoka kazini. Hivyo ndivyo mwili wangu ulivyoelewa kabla sijauwahi: mtu ametoka kazini, ameshanawa, anavuka mtaro, anakuja, na mimi sasa hivi nitamwambia ajipake mafuta. Niligeuka kabisa kutazama dirisha la jikoni, kana kwamba mimi ndiye yeye na mule ndani yuko mtu wa kunihesabia. Dirishani hamkuwa na mtu. Nilisema moja, kwa sauti. Nikasema mbili. Nilipofika tatu sauti haikutoka, kilitoka kitu kingine, na hicho hakikusimama. Nililia nimeinama pale bombani, maji yanakwenda bure, mimi ambaye sijawahi kuacha maji yakaenda bure, na nilimlilia kwa udongo wake mpaka puani. Iliniuma. Iliniuma mno, nami niliisikia yote.

Sikusikia bodaboda ikisimama. Nilipoinua macho shemeji alikuwa ameshaingia, gunia tupu limekunjwa kwapani. Alinitazama usoni, kisha akaitazama mikono yangu na ule udongo mwekundu uliofika kwenye viwiko, na dera langu lililochafuka magotini. Akavua kofia.

"Pole, shemeji," akasema polepole. "Ungeningoja. Umemzika mwenyewe?"

Nilikuwa bado nalia. Akasogea, akalilaza gunia chini, akatazama huku na huku akitafuta kaburi. Ndipo kutoka chini ya mpera ikatoka sauti mbaya, ya kukwaruza, sauti ya mbwa aliyekaa muda mrefu bila kubweka. Alikuwa amesimama juu ya koti la marehemu, kichwa cha dagaa kimemganda kwenye sharubu, na alikuwa analibwekea gunia.

Shemeji aliruka hatua nzima nyuma. Alimtazama mbwa, akatazama bakuli tupu, akanitazama tena mimi na udongo wangu, na uso wake ukabaki bila pa kwenda.

"Sijamzika," nikamwambia nilipopata pumzi. "Nimemshika."

Alirudisha kofia kichwani. Aliokota gunia, akalitandika karibu na bomba, akalikalia. Nilimwambia kwamba unga wa chapati umeshakandwa, lakini siwezi kuugusa kabla sijamaliza mara saba, na nimepoteza hesabu, na kaka yake alikuwa akihesabiwa.

"Nihesabie," nikasema.

Nikasugua udongo, nikaupitisha mkono chini ya maji.

"Moja," akasema.

"Hiyo ni ya nne, shemeji."

"Mimi nimeona moja."

Nikaanza upya.